Hamu ya Kula na Mkono wa Tabibu: Habari za Dawa za Kupunguza Unene

I

Kiswahili kina majina mengi kwa jambo linalomsukuma mtu kwenye chakula, na kila jina lina mahali pake. Njaa ni uhitaji wa mwili. Hamu ni mvuto wa nafsi. Uchu ni hamu iliyopita kiasi. Uroho na ulafi ni maneno ya lawama: hayaelezi hali ya mtu, bali humhukumu. Kinyume cha yote ni shibe, nayo si kujaa kwa tumbo tu. Ni ile hali ya kutosheka ambayo mtu akiifikia, mkono wake huiacha sahani bila ya kuamriwa. Wahenga waliposema kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa walikusudia tajiri na maskini. Lakini methali hiyo yaweza kusemwa pia juu ya watu wawili walioketi katika jamvi moja, wakala sinia moja, mmoja akashiba na wa pili asishibe.

Habari za dawa za kupunguza unene kwa kuzuia hamu ya chakula ni habari za swali lililo katikati ya maneno hayo. Je, mtu mnene asiyeweza kupungua ni mroho, au ni mwenye njaa? Matabibu wa Ulaya na Marekani walilijibu swali hilo kwa namna mbalimbali tangu katikati ya karne ya 19, na majibu yao yalizaa dawa mbalimbali. Karibu kila dawa ilikuja na sharti lile lile, ya kwamba itumiwe chini ya uangalizi wa tabibu. Sharti hilo ni jema. Makala hii yakusudia kuonyesha lilivyotimizwa na lilivyovunjwa, kwa maana wengi wa walioumia katika habari hizi hawakuwa wakaidi. Walimeza walichopewa, kwa kipimo walichoambiwa.

Neno uangalizi, likichukuliwa kwa uzito wake, lina kazi tatu ndani yake. Kazi ya kwanza ni kuchagua: nani apewe dawa na nani anyimwe. Ya pili ni kupima: mwili wa mgonjwa unafanywa nini na dawa hiyo wiki hata wiki. Ya tatu ni kuandama: kumfuata mgonjwa hata baada ya dawa kwisha, na kupeleka habari za madhara kwa wenye mamlaka ili wengine wasalimike. Palipokosekana moja katika tatu hizo, palitokea msiba.

II

Yafaa kuanza na mtu ambaye hakutumia dawa. Katika mwaka wa 1863, mjini London, mzee mmoja jina lake William Banting alitoa kijitabu chembamba kilichokuwa barua kwa watu wote juu ya unene. Jamaa yake walikuwa watengenezaji wa mazishi, na waliwahi kuwahudumia hata wafalme wa Uingereza. Banting alikuwa mfupi wa kimo, umri wake miaka 66, na uzito wake ratili 202, yaani kilo 92 hivi. Hakuweza kufunga viatu vyake mwenyewe, na ngazi alizishuka kinyumenyume. Alikuwa amekwisha kujaribu kupiga makasia, kupanda farasi, kuoga baharini na kujinyima, asipate nafuu. Siku moja alikwenda kwa tabibu wa masikio, William Harvey, kwa sababu ya uziwi. Harvey alikuwa amesikiliza mafundisho ya Claude Bernard mjini Paris juu ya sukari na kazi ya ini, akamwambia mzee huyo aache mkate, sukari, bia na viazi. Katika muda wa mwaka mmoja hivi Banting alipungua zaidi ya ratili 40.

Kijitabu chake kilisomwa sana, na jina lake likageuka kuwa kitenzi. Waingereza walisema bant kwa maana ya kupunguza chakula ili mwili upungue. Wengi wao wamekwisha kukisahau kitenzi hicho, lakini Waswidi hata leo husema banta, na wengi wanaokitumia hawajui kwamba wanataja jina la mtengeneza mazishi wa London. Lililo kubwa zaidi ni malalamiko yaliyomo kitabuni. Banting aliandika juu ya dhihaka alizopata mbele za watu na juu ya matabibu waliomwona hana ugonjwa. Alitaka unene uhesabiwe kuwa ni maradhi, si kosa la tabia. Dai hilo lilikaa zaidi ya miaka mia likingoja ushahidi.

Kabla ya karne kwisha, dawa ya kwanza ilitokea. Katika mwaka wa 1891 George Murray wa Newcastle alimtibu mwanamke aliyepungukiwa na nguvu za tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, kwa kumpa maji ya tezi za kondoo. Mwanamke huyo alipona, na watu waliona ya kwamba wagonjwa wa namna yake hupungua mwili. Haukupita muda watu wanene wenye tezi nzima wakaanza kupewa dawa hiyo hiyo. Walipungua kweli, lakini pamoja na mafuta walipoteza nyama ya misuli, na mioyo yao ilienda mbio. Hapa kazi ya kwanza ya uangalizi, yaani kuchagua, ilivunjwa mapema. Dawa ya mgonjwa mmoja ilipewa mwingine asiyekuwa na ugonjwa ule.

III

Dawa iliyofuata ilitoka katika viwanda vya baruti. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wafanyakazi wa viwanda vya silaha nchini Ufaransa waliogusa dinitrofenoli walikonda, walitokwa jasho jingi, na wengine walikufa kwa joto la mwili. Katika mwaka wa 1933 Maurice Tainter na Windsor Cutting wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, walitangaza kwamba kemikali hiyo, ikitolewa kwa kipimo kidogo, huufanya mwili uchome chakula chake kwa kasi. Haikuzuia hamu, iliwasha moto ndani. Katika muda wa mwaka mmoja hivi, kwa kadirio la Tainter mwenyewe, watu wapatao 100,000 nchini Marekani walikuwa wameitumia.

Watafiti hao walionya kwamba yapasa itumiwe chini ya uangalizi wa tabibu. Lakini sheria ya Marekani ya wakati ule haikumzuia muuzaji yeyote kuiuza bila ya karatasi ya tabibu, nayo iliuzwa madukani chini ya majina mengi. Hapana dawa ya kuuzima moto wa dinitrofenoli ukiisha kuzidi. Kisha, tangu mwaka wa 1935, matabibu wa macho wa California walianza kuona jambo la ajabu: wanawake wa umri wa kadiri wenye mtoto wa jicho, ugonjwa ambao kwa kawaida ni wa wazee. Wengi wao walikuwa wamekwisha kuiacha dawa. Madhara yalikuwa yakiwangoja.

Katika mwaka wa 1938 Marekani ilipitisha sheria mpya ya chakula, dawa na vipodozi, na dinitrofenoli ikahesabiwa kuwa haifai kabisa kuliwa na binadamu. Hata hivyo haikufa. Katika karne ya 21 vijana kadhaa nchini Uingereza wamekufa kwa kuinunua kwa siri ili wapunguze mafuta ya mwili.

IV

Mwaka ule ule wa 1938 mlango mwingine ulifunguliwa. Amfetamini ilitengenezwa kwanza mjini Berlin katika mwaka wa 1887 na mkemia Mromania, Lazăr Edeleanu, lakini ilikaa miaka arobaini bila ya kazi. Gordon Alles wa California aliipima upya kwa nguvu zake katika mwaka wa 1929, na kampuni ya Smith, Kline & French ikaiuza kwa jina la Benzedrine, kwanza ya kuvuta puani kwa mafua, na baadaye vidonge. Wagonjwa waliopewa vidonge hivyo kwa ajili ya usingizi wa maradhi walionekana kupoteza hamu ya chakula. Lesses na Myerson, matabibu wa Boston, wakaandika katika mwaka wa 1938 kwamba yaweza kuwasaidia watu wanene.

Hii ndiyo dawa ya kwanza iliyotumiwa kwa wingi ili kuizuia hamu yenyewe. Mtu aliyeimeza aliona chakula hakina maana, na juu ya hayo alijiona mwenye furaha na nguvu. Furaha hiyo ndiyo iliyokuwa mtego. Baada ya majuma machache mwili uliizoea dawa, hamu ikarudi, na kipimo kikaongezwa. Lakini kiu ya dawa yenyewe haikupungua. Wengi walioshikwa na mtego huo walikuwa wanawake wa nyumbani, ambao hawangeingia katika nyumba ya ulevi, wakawa watumwa wa kidonge walichoandikiwa na tabibu wa jamaa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, wako matabibu nchini Marekani waliofanya biashara ya vidonge vilivyoitwa vya upinde wa mvua kwa sababu ya rangi zake. Kila rangi ilikuwa na kazi yake. Kimoja kilikuwa amfetamini ya kuzuia hamu, kingine thairoidi ya kuuchoma mwili; kingine kilitoa maji, kingine kiliharisha. Tena palikuwa na dawa ya moyo na dawa ya usingizi ya kutuliza ghasia zilizoletwa na vile vya kwanza. Mgonjwa alipanda mizani, akapewa mfuko, akaondoka. Tabibu mwenyewe ndiye aliyekuwa muuza dawa, na faida ilikuwa yake.

Msomaji azingatie jambo hili. Hapakuwa na upungufu wa tabibu katika habari ya upinde wa mvua. Tabibu alikuwapo, mwenye shahada na koti jeupe. Kilichokosekana ni kazi zote tatu: hakuchagua, kwa kuwa hata waliokuwa wembamba walipewa, hakupima, kwa kuwa mizani haionyeshi hali ya moyo, na hakuandama, kwa kuwa mgonjwa asiyerudi hakuulizwa habari zake. Vifo vilipohusishwa na vidonge hivyo, Seneta Philip Hart wa Michigan aliongoza uchunguzi wa Baraza la Seneti katika mwaka wa 1968. Sheria ya mwaka wa 1970 iliweka madaraja ya dawa za kulevya, na katika mwaka wa 1971 amfetamini ikatiwa katika daraja la dawa zinazofungwa kwa ukali. Njia ile ilizibwa, lakini haja iliyowapeleka watu huko ilibaki.

V

Huko Ulaya nako msiba wake ulikuwa ukiendelea. Aminoreksi ilianza kuuzwa Uswisi, Ujerumani na Austria katika mwaka wa 1965. Haikupita miaka mitatu matabibu wakaona ongezeko la ugonjwa wa nadra, yaani shinikizo la damu katika mishipa ya mapafu, ugonjwa unaomkata mtu pumzi hadi moyo ushindwe. Uuzaji ulisimamishwa Uswisi katika mwaka wa 1968. Somo lilikuwa dhahiri, lakini liliandikwa kwa Kijerumani katika majarida ya kitabibu, na wengi nje ya nchi hizo hawakulishika.

Wakati huo dawa mbili nyingine zilikuwa njiani. Fentermini, ndugu wa mbali wa amfetamini, ilipata idhini Marekani katika mwaka wa 1959. Fenfluramini, iliyotoka Ufaransa, ilipata idhini huko katika mwaka wa 1973. Yenyewe haikuchangamsha bali ilileta usingizi. Michael Weintraub wa Chuo Kikuu cha Rochester aliwaza kwamba zikiunganishwa, kila moja kwa kipimo kidogo, zitasaidiana na kuondoleana madhara. Alifanya jaribio kwa watu 121 na kulitangaza katika mwaka wa 1992. Baada ya wiki 34, waliopewa dawa walikuwa wamepungua kilo 14 hivi, na waliopewa vidonge vitupu chini ya kilo 5.

Jaribio lilikuwa la makini. Yaliyofuata hayakuwa hivyo. Idara ya Chakula na Dawa ya Marekani haikupata kuidhinisha dawa hizo zitumiwe pamoja. Kila moja iliidhinishwa peke yake, kwa muda mfupi. Lakini tabibu alikuwa na ruhusa ya kuziandika apendavyo, na katika mwaka wa 1996 karatasi za tabibu zilizoandikwa nchini humo kwa dawa hizo mbili zilipita milioni 18. Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, deksfenfluramini, pacha wa fenfluramini, ilipewa idhini kwa jina la Redux.

Wa kwanza kuona hatari hakuwa mkuu wa chuo wala wa idara. Katika mji wa Fargo, Dakota ya Kaskazini, mtaalamu wa kupiga picha za moyo aliona kwamba vilango vya mioyo ya wanawake fulani vimevimba na havifungi sawasawa. Wanawake wenyewe hawakuwa wazee, wala hawakuwa na ugonjwa wa kueleza jambo hilo. Alilinganisha majina, akaona kwamba wote walikuwa wakitumia dawa za kupunguza unene. Matabibu wa hapo waliungana na wenzao wa Mayo Clinic, na katika mwezi wa Julai 1997 walitoa habari za wanawake 24. Tarehe 15 Septemba mwaka huo fenfluramini na deksfenfluramini ziliondolewa sokoni.

Katika miaka iliyofuata mlolongo uliendelea. Rimonabanti iliidhinishwa Ulaya katika mwaka wa 2006, ikasimamishwa 2008 kwa kuwa iliwatia watu huzuni kubwa, na wengine fikira za kujiua. Sibutramini iliondolewa katika mwaka wa 2010 kwa sababu ya moyo na kiharusi. Lorkaserini katika mwaka wa 2020 kwa hofu ya saratani. Tabibu aliyesoma habari hizi zote angeweza kusamehewa kama angeapa asiandike kamwe dawa ya unene.

VI

Lakini wakati dawa zilipokuwa zikianguka moja baada ya moja, wanasayansi wengine walikuwa wakishughulika na swali la asili, yaani njaa ni nini. Katika mwaka wa 1940 Hetherington na Ranson wa Chicago walionyesha kwamba panya aliyejeruhiwa mahali padogo chini ya ubongo, panapoitwa haipothalamasi, hunenepa kupita kiasi. Katika mwaka wa 1949, katika Maabara ya Jackson huko Maine, alionekana panya mnene wa kuzaliwa, asiyejua kushiba. Douglas Coleman aliunganisha mishipa ya damu ya panya hao na ya panya wengine, akahitimisha kwamba panya mnene amekosa kitu ambacho wenzake wanacho katika damu. Kitu hicho kilipatikana katika mwaka wa 1994 na Jeffrey Friedman wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Ni homoni itokayo katika mafuta yenyewe, nayo iliitwa leptini, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya wembamba.

Miaka michache baadaye matabibu wa Cambridge, Uingereza, walipata watoto waliozaliwa bila ya leptini. Watoto hao walikula wasishibe, na watu waliwaona walafi. Katika mwaka wa 1999 ilitangazwa habari ya mmoja wao, wa miaka 9, mwenye uzito uliopita kilo 90. Alipodungwa leptini, alipungua kilo 16 hivi kwa mwaka mmoja, na hamu yake ya chakula ikawa kama ya wenzake. Hakuhubiriwa wala kuadhibiwa. Alipewa kile alichokosa. Watu wengi wanene hawakosi leptini, kwa hiyo dawa hiyo haikuwafaa. Hata hivyo dai la mzee Banting lilikuwa limepata ushahidi wake: kuna uroho uonekanao kwa watu ambao kwa kweli ni njaa.

Homoni iliyowafaa wengi ilitoka mahali pengine, katika utumbo. Mapema katika miaka ya 1980, Joel Habener na wenzake wa Boston walisoma jeni ya glukagoni na kuona kwamba ndani yake mna homoni nyingine, iliyopewa jina la GLP-1. Svetlana Mojsov, mzaliwa wa Makedonia, alitambua kipande hasa cha homoni hiyo kinachofanya kazi na akakitengeneza. Huko Copenhagen Jens Juul Holst alifikia matokeo yanayofanana. Homoni hiyo hutolewa mtu akila. Huiambia kongosho itoe insulini, hulichelewesha tumbo kumwaga chakula, na huupelekea ubongo habari ya shibe. Katika mwaka wa 1996 watafiti wa Hammersmith, London, walionyesha kwamba panya wakitiwa GLP-1 katika ubongo hupunguza kula. Mojsov alikaa miaka mingi bila ya kutajwa katika sifa za ugunduzi huo, hata akadai haki yake. Katika mwaka wa 2024 tuzo ya Lasker ilitolewa kwake, kwa Habener, na kwa Lotte Bjerre Knudsen wa Denmark.

Kazi ya Knudsen ilikuwa kuondoa kikwazo kikubwa. GLP-1 ya asili huvunjika katika damu kwa dakika mbili hivi, na dawa ya dakika mbili si dawa. Njia ya kwanza ya kukishinda kikwazo hicho ilitokana na mjusi. John Eng, tabibu wa hospitali ya askari wastaafu katika mtaa wa Bronx, New York, aliona katika mate yenye sumu ya mjusi wa Gila, mnyama wa majangwa ya Marekani na Meksiko, homoni inayofanana na GLP-1 lakini isiyovunjika upesi. Aliitangaza katika mwaka wa 1992, na dawa iliyotokana nayo, eksenatidi, iliidhinishwa kwa kisukari katika mwaka wa 2005. Knudsen na wenzake wa Novo Nordisk walifuata njia nyingine. Waliifunga homoni ya binadamu kwa mnyororo wa mafuta ili ishikamane na protini za damu. Ikapatikana liraglutidi, ya sindano ya kila siku, iliyoidhinishwa Marekani kwa unene katika mwaka wa 2014. Kisha semaglutidi, ya sindano ya kila wiki, iliyoidhinishwa kwa kisukari mwaka wa 2017 na kwa unene mwezi wa Juni 2021 kwa jina la Wegovy.

Jaribio lililotangazwa mwaka huo lilikuwa na watu 1,961. Wote walipewa mashauri ya chakula na mazoezi. Baada ya wiki 68, waliodungwa semaglutidi walikuwa wamepungua kwa wastani asilimia 14.9 ya uzito wao, na waliodungwa sindano tupu asilimia 2.4. Tirzepatidi, inayoiga homoni mbili, ilifikia asilimia 20.9 kwa kipimo cha juu katika jaribio la mwaka wa 2022. Katika mwaka wa 2023 jaribio la watu 17,604 wenye ugonjwa wa moyo na wasio na kisukari lilionyesha kwamba semaglutidi ilipunguza mashambulio ya moyo, viharusi na vifo vya moyo kwa asilimia 20. Hilo halikupata kuonyeshwa na dawa yoyote ya unene kabla yake.

VII

Je, habari zimekwisha kwa salama? Hapana budi kurudi kwenye kazi tatu za uangalizi.

Kuchagua sasa kuna kanuni. Dawa huandikiwa mtu mzima ambaye uzito wake kwa kilo, ukigawanywa kwa mraba wa kimo chake kwa mita, wafikia 30, au 27 akiwa na ugonjwa unaotokana na unene. Hesabu hiyo ilitolewa na Mbelgiji Adolphe Quetelet katika miaka ya 1830, naye hakuwa tabibu bali mwanatakwimu. Hawapewi wajawazito, wala watu ambao katika jamaa yao mna saratani ya thairoidi ya namna fulani. Kupima nako kuna kanuni: semaglutidi huanzwa kwa miligramu 0.25 kwa wiki, na huongezwa kila wiki nne hadi kufikia 2.4, ili tumbo lizoee. Kichefuchefu, kutapika, kuharisha na kufunga choo ni vya kawaida. Vijiwe vya nyongo na uvimbe wa kongosho ni vya nadra, lakini vyahitaji jicho la tabibu.

Kuandama ndiko kuliko dhaifu. Watu walioacha semaglutidi baada ya jaribio la kwanza walifuatwa, na katika muda wa mwaka mmoja walikuwa wamerudisha theluthi mbili za uzito walioupoteza. Maana yake ni wazi: shibe iliyoazimwa hurudi kwa mwenyewe, na atakayeianza dawa hii hana budi kufikiri juu ya miaka, si juu ya miezi. Bei iliyotangazwa ya Wegovy ilipoanza kuuzwa Marekani katika mwaka wa 2021 ilikuwa zaidi ya dola 1,300 kwa mwezi. Palipokuwa na haja kubwa na bei kubwa, mlango wa zamani ulifunguliwa tena. Katika mwaka wa 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya semaglutidi ya bandia iliyopatikana Brazil, Uingereza na Marekani. Mwaka huo huo idara ya Marekani ilionya kwamba watu waliopewa dawa hiyo katika vichupa, wakajipimia wenyewe kwa bomba la sindano, walijidunga mara tano hata mara ishirini ya kipimo. Hao nao waliambiwa kwamba wako chini ya uangalizi.

Afrika ya Mashariki haiko nje ya habari hizi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa 2022 watu zaidi ya bilioni moja duniani walikuwa na unene wa maradhi, na katika mwaka wa 2025 liliziingiza dawa za jamii ya GLP-1 katika orodha ya dawa muhimu kwa wagonjwa fulani wa kisukari. Tabibu atakayeziandika kwa msemaji wa Kiswahili atakutana na lugha kabla ya kukutana na mwili. Kwetu kunenepa kwaitwa kunawiri, nako ni sifa. Wenyeji humhimiza mgeni ale wakimwambia kwamba mwili haujengwi kwa matofali. Kukonda ni kusikitikiwa. Na tangu miaka ya 1980, UKIMWI ulipojulikana nchini Uganda kwa jina la Slim, yaani wembamba, kukonda upesi kumekuwa pia kushukiwa. Kwa upande wa pili yako maneno tipwatipwa na kiriba tumbo, ambayo ni ya kuchekea. Kati ya kucheka na kushuku, mgonjwa huficha; na mficha maradhi, kifo humuumbua. Anayeficha hununua gizani, na gizani hakuna anayemchagulia, kumpimia wala kumwandama.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya tabibu huyo ni kuuliza bila ya lawama, kwa maneno ambayo lugha imekwisha kuyatenga: unapokula, unashiba? Ukishiba, shibe hukaa muda gani? Jibu la maswali hayo halitolewi na mizani. Na kazi ya mgonjwa ni kuuliza naye, kabla ya sindano ya kwanza: nani atanipima, mara ngapi, na siku nikiiacha dawa, nani atanifuata? Wanawake wa Fargo walimeza dawa iliyoidhinishwa, iliyoandikwa na matabibu wa kweli. Wengine baada yao waliokolewa kwa sababu mtu mmoja, ambaye kazi yake ilikuwa kutazama mioyo, alitazama, akalinganisha, na hakunyamaza.